Anwani Moja, Mashine Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kuteleka chai, Yusra alikwenda kwanza chumba cha nyuma. Alisimama mlangoni akasikiliza. Akisikia mvumo wa feni, alijua mayai yamelala salama.

Chumba kile kilikuwa na mashine ya kuangulia mayai. Ilikuwa kabati la mbao lililotengenezwa na mumewe, Alfani, ambaye ni seremala hapo Munje. Ndani mlikuwa na trei za mayai, waya wa kutia joto na feni ya kulisambaza. Juu ya kabati palikuwa na kompyuta ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Kompyuta hiyo ndiyo iliyopima joto na kuwasha au kuzima ule waya.

Kompyuta ndogo haikuwa na skrini. Ukitaka kujua hali ya mayai, uliwasha kompyuta kubwa ya sebuleni au ulichukua simu. Kisha uliandika namba hizi: 192.168.1.50. Namba hizo ndizo zilizokuwa anwani ya mashine. Ukurasa ulifunguka, ukaonyesha joto la mayai. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ongeza na Punguza.

Mama mkwe wa Yusra, Bi Mwanaima, aliupenda ukurasa huo kuliko mchezo wowote wa televisheni.

“Yusra, mwanangu,” alikuwa akiita kutoka chumbani kwake, “mayai yangu nyuzi thelathini na saba na nusu. Na mimi hata kitandani sijashuka!”

Watu wengi wa Munje walileta mayai yao pale yaanguliwe. Mmoja wao alikuwa Kadzo, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuja na kikapu kidogo, mayai yamefungwa kwa kanga.

“Hodi hapa!”

“Karibu, shangazi,” Yusra aliitika.

“Shikamoo, Bi Mwanaima.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika?”

Kadzo alikaa mkekani, akakipakata kikapu.

“Nguchiro ameniingilia bandani,” alisema. “Yule mtetea wangu wa kuchi, mrefu yule, amemuua. Jogoo alikufa tangu wakati wa mvua. Haya ndiyo mayai ya mwisho. Mbegu ya kuku hawa ilikuwa ya marehemu mama. Yakiharibika haya, sina nyingine.”

“Yatatoka, inshallah,” Yusra alimwambia. “Mashine yetu haijatuangusha.”

Aliyapokea mayai moja moja, akayapanga kwenye trei ya juu.

Siku hizo Alfani alikuwa akimalizia mashine ya pili, kwa sababu ya kwanza haikutosha tena. Alikuwa amenunua kompyuta ndogo nyingine kama ile ya mwanzo. Kompyuta hizi huweka kila kitu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Basi Alfani aliona hakuna haja ya kuanza upya. Kabla mayai ya Kadzo hayajaletwa, wakati mashine ya kwanza haina kitu, alikuwa ameichukua kadi yake hadi kwa fundi mmoja wa kompyuta pale Kona ya Musa.

“Ninakilie yote yaliyomo kwenye kadi mpya,” alimwambia. “Yote, usiache kitu.”

Fundi alifanya alivyoombwa.

Mayai ya Kadzo yalipopata kama wiki moja na nusu kwenye mashine, kabati la pili lilikuwa tayari. Alfani alilisimamisha kando ya lile la kwanza. Aliitia kompyuta yake kadi mpya, akawasha. Feni ikazunguka.

“Tuiache mlango wazi leo,” alisema. “Harufu ya gundi itoke kwanza. Kesho tutatia mayai.”

Kisha akarudi uani kwenye mbao zake.

Yusra alikuwa akikuna nazi alipokumbuka kuangalia ukurasa. Akafuta mikono, akaketi mbele ya kompyuta ya sebuleni. Joto lilikuwa nyuzi 33.

“Mayai yanapoa!” alisema peke yake.

Akabonyeza Ongeza. Akangoja. Bado 33. Akabonyeza tena, na tena. Akainuka, akaenda chumba cha nyuma. Mlango wa kabati la kwanza ulikuwa umefungwa vizuri, feni inavuma. Hakutaka kuufungua, joto lisije likatoka lote. Akarudi sebuleni, akabonyeza mara nyingine mbili. Kisha akarudia nazi yake, roho juu juu.

Baada ya muda, Bi Mwanaima alikwenda kuongeza maji kwenye sinia iliyo chini ya mayai. Yusra alisikia ukelele ambao hajapata kuusikia kwa mama mkwe wake tangu aolewe.

“Yusra! Alfani! Njooni! Mayai yanaungua!”

Mbuzi ya nazi ilipinduka. Yusra alikimbia, na alipofika mlangoni hewa ya moto ilimpiga usoni kana kwamba amefunua sufuria. Bi Mwanaima alikuwa ameshika yai moja kwa upindo wa kanga, macho yamemtoka.

“Lishike! Lishike mwenyewe!”

Yusra aliliweka shavuni. Akalitoa haraka.

“Lakini kompyuta inasema yamepoa!” alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake. “Mimi mwenyewe nimeona. Thelathini na tatu!”

Alfani aliingia mbio, vumbi la mbao nyweleni. Aliona ndoo ya maji, akainama kuinyanyua.

“Weka chini!” mama yake alimkemea. “Ukiyamwagia maji ya baridi utayaua yaliyobaki. Fungua mlango tu, joto lishuke polepole.”

Wakaufungua. Yusra alileta kipimajoto cha kawaida, akakilaza katikati ya mayai. Kilipanda mpaka 41. Alirudi mbio sebuleni kuangalia kompyuta. Ukurasa ulisema 33. Akaufungua upya. Safari hii ukasema 41. Akaufungua mara ya tatu. 33.

Alipigwa na butwaa.

“Alfani,” aliita taratibu, “hebu njoo uone kitu.”

Alfani alitazama. Uso wake ulibadilika.

“Imeharibika. Naizima kabisa.”

Akaenda akachomoa waya wa umeme wa mashine ya kwanza. Feni yake ikanyamaza. Akarudi, akasimama nyuma ya mkewe.

“Fungua sasa. Haitajibu.”

Yusra akafungua. Ukurasa ukaja, na ndani yake 33.

Bi Mwanaima, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivuta kanga yake kifuani.

“Imezimwa,” alisema, “na bado inajibu?”

“Imezimwa, mama. Waya ninao mkononi.”

“Auzubillahi! Basi anayejibu ni nani?”

Yusra alichukua simu, akampigia Mwalimu Rispah. Rispah alikuwa jirani yao na alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi upande wa Msambweni. Kwa bahati ilikuwa Jumamosi. Alikuja na mkoba wake mgongoni, akapewa habari yote huku akivua viatu.

Hakucheka wala hakushangaa. Alikwenda chumba cha nyuma, akatazama makabati mawili yaliyosimama pamoja.

“Hii ya pili imewashwa leo?” aliuliza.

“Ndiyo, leo asubuhi,” Alfani alijibu.

“Na kadi yake mliipata wapi?”

“Nilinakilisha ile ya kwanza. Yote.”

“Basi anayejibu ni huyu,” Rispah alisema, akaigonga mashine ya pili kwa kidole. “Haina mayai na mlango uko wazi, ndiyo maana inasema 33. Kaka Alfani, uliponakili kadi, ulinakili na anwani.”

“Anwani?”

“Zile namba mnazoandika. Mashine zote mbili zinajiita 192.168.1.50.”

Yusra alishika kichwa. Sasa alianza kuelewa, na alivyozidi kuelewa ndivyo alivyozidi kuingiwa na baridi.

“Mwalimu, unataka kusema nilisoma joto la mashine hii tupu...”

“Ndiyo.”

“...kisha nikaiongezea joto ile yenye mayai?”

“Ndivyo ilivyokuwa,” Rispah alisema kwa upole. “Fikiria hospitalini kuna wagonjwa wawili wa jina moja. Muuguzi akiita jina, mara anaingia huyu, mara anaingia yule. Amempima mmoja, akamchoma sindano mwingine. Muuguzi hana nia mbaya, lakini mtu anaweza kufa. Kwenye mtandao wa nyumba, kila kompyuta lazima iwe na anwani yake peke yake.”

Yusra alikaa sakafuni. Alikuwa akiiona trei ya juu, na uso wa Kadzo akikipakata kikapu.

“Tutalia baadaye,” Bi Mwanaima alisema. “Mwalimu, tufanye nini sasa? Mayai hayawezi kukaa bila joto.”

“Kwanza zimeni mashine ya pili,” Rispah alisema. “Kisha muwashe ya kwanza peke yake.”

Wakafanya hivyo. Joto la mayai lilikuwa limeshuka, na kipimajoto kilikuwa karibu na 38. Yusra alifungua ukurasa, akaona 38. Alipunguza kiasi cha joto, akangoja. Likatua 37.5, na kipimajoto kikasema vilevile. Ndipo wakafunga mlango wa kabati.

“Sasa twende kwenye mashine ya pili,” Rispah alisema. “Tutaifanyia kazi sebuleni, tukiitazama kwenye televisheni. Siitaki iingie mtandaoni mpaka tumeirekebisha.”

Alfani alizima kwanza rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba.

“Ngoja,” Rispah alisema. “Iwashe tena kidogo. Kabla ya kuizima kuna mambo mawili ya kujua.”

Kwenye kompyuta ya sebuleni aliwaonyesha ukurasa wa rauta yenyewe. Hapo waliona kwamba rauta huzigawia simu na wageni anwani zinazoanzia 192.168.1.100. Yenyewe ilijiita 192.168.1.1.

“Kwa hiyo mashine yenu msiipe anwani ya rauta, wala msiipe iliyo kwenye fungu la simu,” alieleza. “Mkifanya hivyo, siku moja mgeni atafungua simu yake hapa na balaa litarudi. Chagueni iliyo chini ya mia.”

“Hamsini na moja?” Yusra aliuliza.

“Vizuri. Lakini usikisie kama iko wazi. Bisha hodi kwanza. Andika ping, uache nafasi, halafu uandike anwani.”

Yusra akaandika: ping 192.168.1.51. Wakangoja. Hakuna aliyejibu.

“Basi haina mwenyewe. Zimeni rauta sasa. Mayai hayana neno, mashine ya kwanza itaendelea na kazi yake hata bila mtandao.”

Waliunganisha kompyuta ndogo ya mashine ya pili na televisheni na kibodi, wakaiwasha. Skrini ikawa nyeusi yenye maandishi meupe. Alfani alimsogezea Rispah kiti, lakini Rispah alimwashiria Yusra akae yeye.

“Kazi ni yako. Mimi nitasema, wewe utaandika. Kompyuta hii ikiamka husoma faili moja la mfumo ili ijue anwani yake. Katika kompyuta zenu, faili hilo linaitwa interfaces. Zipo kompyuta nyingine zinazotumia faili la jina jingine, kwa hiyo uliza kwanza. Kabla ya kuligusa, tengeneza nakala yake. Ukikosea, utakuwa na pa kurudi.”

Yusra akaandika kama alivyoambiwa:

sudo cp /etc/network/interfaces /etc/network/interfaces.zamani

“Hili neno sudo ni nini?” aliuliza.

“Ni kuomba idhini ya mwenye nyumba. Faili za mfumo hazifunguliwi ovyo. Sasa lifungue.”

sudo nano /etc/network/interfaces

Faili likafunguka. Lilikuwa na mistari michache tu. Yusra aliisogelea televisheni. Mistari mitatu ilikuwa hivi:

address 192.168.1.50
netmask 255.255.255.0
gateway 192.168.1.1

Aliduwaa. Jambo lililokaribia kuua trei nzima ya mayai lilikuwa namba moja tu, imekaa kimya kwenye mstari mmoja.

“Hii ndiyo yenyewe?”

“Ndiyo yenyewe. Mstari wa kwanza ni anwani ya mashine. Wa pili unaonyesha ukubwa wa mtandao wa nyumba yenu. Wa tatu ni mlango wa kutokea nje, yaani rauta. Miwili ya chini usiiguse. Wa juu, weka 51.”

Yusra alifuta, akaandika. Akahifadhi, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Alfani akawasha rauta. Yusra akaenda kwenye kompyuta ya sebuleni, akaandika 192.168.1.51. Ukurasa haukuja.

“Nimeiua,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Mwalimu, nimeiua na hii!”

“Hujaua kitu. Rudi kwenye faili, usome ulichoandika. Soma kwa sauti.”

Yusra akarudi, akasoma: “Moja tisa mbili, nukta, moja sita nane, nukta, moja hamsini na moja...” Akaisogelea skrini. “Nimesahau nukta!”

Alikuwa ameandika 192.168.151.

“Sehemu ni nne na nukta ni tatu,” Rispah alisema. “Ikipungua moja, kompyuta haielewi. Kosa hili hata mimi hulifanya. Ndiyo maana nilitaka tuwe na televisheni na kibodi hapa. Tungekuwa tunaisahihisha kutoka mbali, sasa hivi ingekuwa imetupotea.”

Yusra aliisahihisha, akahesabu nukta kwa kidole. Akawasha upya. Safari hii ukurasa ulifunguka mara moja. Rispah akamwelekeza pia abadilishe jina la kompyuta katika faili jingine liitwalo hostname, ili ukurasa wake useme mashine-ya-pili, usichanganywe na ule wa kwanza. Alfani aliandika anwani kwa rangi kwenye mlango wa kila kabati.

“Mmalizie kwa jaribio,” Rispah alisema. “Zima moja. Ukurasa wake lazima ufe, na wa mwenzake uendelee.”

Wakazima ya pili. Ukurasa wa 51 ukakataa kufunguka. Ule wa 50 ukabaki, nyuzi 37.5.

“Alhamdulillahi,” Bi Mwanaima alisema. “Aliyezimwa amenyamaza.”

“Na jambo la mwisho,” Rispah alisema akivaa viatu. “Wekeni kipimajoto cha kawaida ndani ya kila kabati, mkitazame kila siku. Kompyuta ni msaidizi. Msiifanye kuwa macho yenu pekee.”

Ilibaki kazi iliyomwogopesha Yusra kuliko zote. Kabla ya alasiri Alfani alikwenda kuwaarifu wenye mayai mengine, na yeye akajifunga kanga, akaenda kwa Kadzo. Alimkuta akipepeta mchele. Alimwambia kila kitu bila kuficha. Ungo ulimtoka Kadzo mkononi, mchele ukamwagika.

“Yote?” alinong’ona.

“Sijui, shangazi. Tutayamulika kesho. Nakuomba uwepo.”

Kadzo alibaki akiutazama mchele ulio chini kana kwamba hajui ni kitu gani.

Kesho yake alikuja. Walifunga pazia, chumba kikawa giza. Bi Mwanaima aliwasha tochi, akaliweka yai la kwanza juu ya mwanga. Lilionekana duara la damu tu, limetulia. Akaliweka kando. La pili vilevile. La tatu vilevile. Yusra alisikia pumzi ya Kadzo ikikatika. Bi Mwanaima akachukua la nne.

“Subhanallah,” alisema.

Ndani ya yai, mishipa myekundu ilikuwa imetanda kama mizizi, na katikati yake doa jeusi lilicheza. Lilitulia, kisha likacheza tena. Kadzo alishika mkono wa Yusra, akaubana mpaka ukauma.

Walipomaliza, nusu ya mayai ya Kadzo yalikuwa yamekufa. Yaliyokuwa hai yalirudishwa kwenye trei. Alfani alitaka kumwomba radhi, lakini Kadzo alimzuia kwa mkono.

“Acha kwanza,” alisema. “Sina hasira, ila moyo bado umeshtuka. Yaangalieni haya.”

Waliyaangalia. Kila asubuhi Yusra alifungua kurasa zote mbili, kisha akasoma na kipimajoto kwa macho yake. Mashine ya pili ilijazwa mayai ya watu wengine, na hapakuwa na hitilafu tena. Kijana mmoja wa Mkongani alipokuja kuomba kunakiliwa kadi kwa ajili ya mashine yake, Yusra hakukataa. Alimwuliza tu, “Nyumbani kwako utaipa anwani gani?” Kisha akamketisha, akamfundisha.

Siku ya mayai kuanguliwa ilipofika, Kadzo hakuja. Alituma ujumbe kwamba hakuna haja, akiletewa habari atashukuru. Yusra alijua kwamba anaogopa. Basi alivitia vifaranga kwenye boksi lenye maranda ya mbao, akaenda navyo mwenyewe.

“Hodi, shangazi.”

Kadzo alitoka, akasimama kizingitini. Alisikia sauti ndani ya boksi. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

“Saba,” Yusra alisema. “Wote wazima.”

Kadzo aliinama polepole, akamwinua mmoja. Kifaranga alisimama kiganjani mwake, akajinyoosha, miguu mirefu kuliko ya kifaranga yeyote wa kijiji kile.

“Tazama miguu hii!” Kadzo alipaza sauti hata majirani wakachungulia. “Yusra, tazama! Ni kuku wa mama!”